Chuma cha vitumbua chenye matundu 7
Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumamosi asubuhi, mimi na wanangu wawili tumekuwa tukipika vitumbua kwa chuma cha matundu 7 nilichokinunua sokoni, na ninakipenda kwa sababu uzito wake hutunza moto, hivyo vitumbua huiva sawasawa bila kuungua upande wa chini. Mchele tunauloweka Ijumaa usiku. Mdogo hutwanga iliki, na mkubwa, mwenye umri wa miaka 10, hupima tui la nazi na hamira. Kumimina na kugeuza ni kazi yangu, kwani mpini wa chuma kitupu hushika moto upesi, kasoro ambayo kishikio cha mbao kingeiondoa. Chuma kikiwa kipya, kipakwe mafuta na kuchomwa kwanza, la sivyo vitumbua vitaganda.