Doug au Carley, unamwokoa nani?

Wana wa Ngamiani hapa Tanga kwenye kibanda cha gemu bado wanabishana hii ya The Walking Dead, gemu la kampuni ya Telltale, ile ya 2012, pale duka la dawa mji wa Macon mazombi yanaingia na unaokoa mmoja tu. Mi Carley, mwandishi wa habari, bastola anaijua balaa na siri ya Lee, yule unayemchezesha, anayo mapema, kwaiyo maongezi yao yana uzito. Doug mpole, mtu wa kompyuta, ndo anatega kengele za tahadhari motelini kundi linapojificha. Ila episodi ya 3 yeyote uliyemwokoa anakufa kwa risasi ya Lilly, mwenzao wa kundi, Carley anapigwa ghafla tu, Doug anakufa akimkinga Ben, dogo wa kundi hilohilo, asipigwe, na hicho cha Doug kinaniuma zaidi aisee, japo bado namchagua Carley.