Jezi Moja kwa Madhehebu Mengi: Tathmini ya Mashindano ya Soka ya Makanisa

Mashindano ya vijana ninayoyatathmini hapa huandaliwa na kamati ya pamoja ya makanisa jirani, na kinachoyatofautisha na mabonanza mengine ni kanuni moja: hakuna kanisa linaloingiza timu yake. Kila kanisa hupeleka majina ya wachezaji, majina hayo hupigiwa kura ya bahati nasibu mbele ya wote, na timu zinazopatikana huwachanganya Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste ndani ya jezi moja. Kwa maoni yangu, thamani yote ya mashindano haya inatokana na kanuni hiyo, na kamati isikubali kushawishiwa kuiacha.

Nasema hivyo kwa sababu mpira huwaunganisha kwanza walio upande mmoja, na ukipanga dhehebu moja dhidi ya jingine unaweza kuukomaza utengano uliokuja kuuponya. Mjini Glasgow, Uskoti, klabu ya soka ya Celtic ilianzishwa mwaka 1887 miongoni mwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, Rangers ikawa klabu ya Waprotestanti, na hata mwaka 1989, Rangers ilipomsajili Mo Johnston, Mkatoliki, baadhi ya mashabiki wake walighadhibika. Hao wote ni watu waliobatizwa kwa jina la Kristo mmoja. Nchini Ireland, kinyume chake, soka iligawanyika katika vyama viwili mwaka 1921, lakini raga ilibaki na timu moja ya kisiwa kizima, na hata katika miaka ya machafuko ya Ireland Kaskazini, Waprotestanti na Wakatoliki waliendelea kuvaa jezi ile ile ya kijani.

Katika nusu fainali niliyoitazama, golikipa Mpentekoste na beki wa kati Mkatoliki waliurukia pamoja mpira wa kona, wakagongana, na timu yao ikafungwa. Wakati wa mapumziko nikawaona wamechuchumaa kando ya uwanja, wakichora mchangani kwa kidole nani atalinda mlingoti wa karibu na nani atatoka kuufuata mpira. Kipindi cha pili hawakugongana tena. Mazungumzo ya namna hiyo, ambayo kila mmoja anamhitaji mwenzake ili lango libaki salama, ni adimu kati ya vijana wa makanisa yetu, ingawa Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono, sina haja na wewe.

Marefa walikuwa makini na ratiba ilifuatwa. Sala ya kufungulia mechi, hata hivyo, ilihitaji maandalizi zaidi: vijana waliposali Baba Yetu, Wakatoliki walinyamaza walipofika mwisho wao, wengine wakaendelea na maneno ya ufalme, nguvu na utukufu, na baadhi wakatazamana kwa mashaka. Dakika chache za maelezo zingetosha kuwaonyesha kwamba sala ni ile ile.

Kasoro kubwa zaidi ni siku. Mechi zote huchezwa Jumamosi, na hivyo Waadventista Wasabato wanafungiwa nje kabla hata kura haijapigwa. Kuzihamishia Jumapili hakutatosha, kwa maana wapo Wakristo wasiocheza siku hiyo kwa dhamiri safi, kama mwanariadha wa Uskoti Eric Liddell, aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili, kisha akatwaa dhahabu ya mita 400. Sikukuu za umma zinazoangukia katikati ya wiki zingefaa zaidi, hata kama mashindano yatachukua muda mrefu kumalizika.

Aidha, baada ya kombe kukabidhiwa, kila mmoja hurudi kanisani kwake na timu huvunjwa. Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1908 na ambalo katika nchi nyingi huadhimishwa tarehe 18 hadi 25 Januari, lingekuwa nafasi nzuri ya kuziita timu hizo zilizochanganyika ziongoze ibada ya pamoja, kwa kuwa Yesu alipoomba kwamba wote wawe na umoja hakuwa akiombea alasiri moja ya mchezo.

Nawashauri wachungaji na mapadre wapeleke majina ya vijana wao katika msimu ujao, na waiombe kamati ibadilishe siku kabla ya kura kupigwa.