Pakiti ya kahawa Nairobi: ipi itangulie, ipi ifuate

Swali ambalo wanunuzi wengi wa kahawa jijini huanza nalo ni kama pakiti ni ya daraja la AA, na kwa maoni yangu swali hilo ndilo huwapotosha. AA ni kipimo cha ukubwa wa punje. Baada ya kukobolewa, kahawa hupitishwa kwenye machekeche, na punje zinazobaki juu ya matundu ya milimita 7 hivi huitwa AA. Zilizo ndogo kidogo huwa AB, na ile ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Herufi hizo hazielezi kahawa ilivunwa lini, ilikaangwa lini, wala aliyeichuma alipata nini. Nimewahi kunywa AB ya Kirinyaga iliyoishinda kwa mbali AA niliyoinunua wiki hiyohiyo katika duka kuu moja hapa mjini. Pakiti ya hiyo AA haikuwa na tarehe yoyote isipokuwa ya mwisho wa matumizi, na nilipoimwagia maji ya moto haikutoa povu hata kidogo, ikalala tu chini ya chujio kama tope.

Kwa hiyo mimi huzipanga aina za pakiti kwa mambo matatu: tarehe ya kukaangwa, jina la mahali kahawa ilikotoka, na malipo ya mkulima.

Nafasi ya kwanza naipa mkaangaji huru anayenunua mafungu madogo na kuandika kwenye pakiti jina la kiwanda ambako matunda yalimenywa, msimu wa mavuno, na siku ya kukaanga. Angalia kwanza siku hiyo ya kukaanga. Joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, punje hupasuka kwa mlio kama wa bisi, na kuanzia hapo hubaki na hewa ya kaboni dioksidi inayotoka polepole kwa wiki kadhaa. Hewa hiyo ndiyo hufanya kahawa mpya ifure na kutoa povu inapokutana na maji moto. Mimi hununua pakiti iliyokaangwa kati ya wiki moja na wiki nne zilizopita. Mwombe muuzaji akumiminie punje chache kiganjani: ziwe na rangi moja, ziwe nzima, na zisiwe zimelowa mafuta, kwa maana kahawa ya Nyeri au Embu iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta imeshapoteza ule uchachu wa matunda ambao wanunuzi wa ng'ambo huulipia ghali.

Jambo jingine ni malipo, na hapa hesabu humsaidia mnunuzi kuliko maneno matamu ya kwenye karatasi. Kilo moja ya kahawa safi isiyokaangwa huhitaji kilo sita au saba za matunda mekundu, na ikikaangwa hupoteza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Pakiti ya gramu 250 basi imebeba karibu kilo mbili za matunda. Katika misimu ya hivi karibuni vyama vya ushirika vilivyofanya vizuri vimewalipa wanachama zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya matunda, kwa hivyo pakiti ikiuzwa kwa shilingi 1,200, sehemu ya mkulima ni kama shilingi 200 pale mambo yalipokwenda sawa, na ni chini ya hapo pale chama kilipozidiwa na makato na madeni. Mkaangaji anayejali ataweza kukuambia kiwanda alichonunulia kililipa wanachama wake shilingi ngapi msimu huo. Asiyejua hakuwahi kuuliza.

Msomaji pia ajihadhari na tamko la kwamba kahawa imenunuliwa moja kwa moja kwa mkulima. Mwenye shamba kubwa anaweza kweli kuuza hivyo, lakini mkulima mdogo wa Murang'a au Nyeri hupeleka matunda yake kwenye kiwanda cha ushirika, kahawa ikaenda kukobolewa kwingine, kisha ikauzwa kupitia dalali, ama kwenye soko la mnada wa kahawa lililoko jengo la Wakulima House, Nairobi, ama kwa mkataba wa mauzo ya moja kwa moja ulioruhusiwa tangu mwaka 2006. Mkaangaji mkweli hukutajia chama na kiwanda, na hukueleza njia iliyofuatwa. Picha ya mama mwenye kikapu bila jina la kiwanda haithibitishi lolote.

Kuhusu mazingira, muulize kiwanda hupeleka wapi maji ya kuoshea kahawa, kwa sababu kahawa yetu nyingi huoshwa, na maji hayo yakiachiwa mtoni bila kupitishwa kwenye mashimo ya kuyafyonza ardhini huua viumbe vya majini. Uliza pia aina ya mibuni. SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930, zinasifiwa kwa ladha, lakini hushambuliwa na magonjwa ya chulebuni, yanayoozesha matunda, na kutu ya majani, na mkulima hulazimika kunyunyiza dawa mara nyingi kwa msimu. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 hustahimili magonjwa hayo. Wapenzi wengi wa kahawa hudharau Ruiru 11, na naona wanakosea: inayochumwa ikiwa imeiva vyema huwa na ladha nzuri kikombeni, na humpunguzia mwenye shamba gharama ya dawa.

Nafasi ya pili ni pakiti ya chama cha ushirika au shamba linalokaanga kahawa yake lenyewe. Sehemu kubwa zaidi ya pesa hubaki kule ilikolimwa, na kwa sababu hiyo pekee ningetamani kuiweka juu. Kinachoizuia ni ukaangaji, ambao hubadilika toka pakiti hadi pakiti, na tarehe ambayo mara nyingi haiandikwi. Ukiikuta yenye tarehe, inunue bila kusita. Naisema kwa uchungu kwa sababu Kiambu mashamba mengi yameng'olewa mibuni yakajengwa nyumba, na mtaa wetu wa Kahawa unaijua kahawa kwa jina tu.

Ya tatu ni kahawa ya punje nzima ya mkaangaji mkubwa, yenye tarehe na jina la kaunti. Haikosekani na ladha yake haibadilikibadiliki, ingawa mchanganyiko wa viwanda vingi huficha nani alilipwa nini.

Ya nne ni pakiti yenye nembo ya uthibitisho lakini isiyotaja asili. Nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, ina maana, kwa kuwa ina kima cha chini cha bei kilichowekwa na nyongeza inayolipwa kwa chama, ambayo wanachama huamua matumizi yake. Hata hivyo haisemi kahawa ni mpya au nzee.

Ya mwisho ni iliyosagwa zamani, pamoja na ya unga wa kuyeyuka, ambayo siinunui.

Nunua gramu 250 kwa mara moja, punje nzima, na kinu kidogo cha mkono; kahawa iliyosagwa hupoteza harufu ndani ya siku chache. Mavuno makuu ya upande wa Mlima Kenya huwa kati ya Oktoba na Desemba, na ya msimu mdogo huja katikati ya mwaka, kwa hivyo ifikapo Machi au Aprili muulize mkaangaji wako kama fungu jipya limeshafika, na kama bado anauza la mwaka uliopita akuambie wazi.