Uzoefu wangu: fundi wa maboti aliyenikagulia baiskeli ya kaboni

Baiskeli yangu ni ya kaboni, niliinunua mtumba, na Jumamosi alfajiri huwa natoka nayo Tudor, hapa Mombasa, navuka daraja la Nyali hadi Mtwapa na kurudi. Siku moja nikaingia shimo karibu na Bamburi, tairi ya mbele ikapasuka. Sikuanguka. Lakini nilipoipangusa nyumbani nikaona ufa chini ya kiti, pale klempu inapokaza paipu, mrefu kama kidole. Usingizi ulinipaa. Duka nililoipeleka kwanza waliutazama kwa mbali wakasema nitupe, ninunue fremu mpya, na wanayo. Hawakuigusa hata kwa kidole.

Jirani yangu mvuvi ndiye aliyenielekeza Mtwapa, kwa mzee anayetengeneza maboti ya faiba. Kaboni na faiba ya boti ni mtu na mdogo wake: nyuzi zilizogandishwa kwa resini, gundi inayokauka ikawa ngumu. Na kaboni, tofauti na chuma, haipindi kwanza ikakuonya. Hukatika ghafla. Ndiyo maana sikutaka kubahatisha.

Alianza kwa kupangusa kwa spiriti. Juu ya rangi ilikauka mara moja, ila iliyoingia ufani ilibaki, mstari ukajitokeza wote. Kisha akatoa sarafu ya shilingi 20 akagonga paipu taratibu, sikio karibu, kama mtu anayechagua mtungi sokoni. Ililia kwa sauti kali, nyembamba. Alipofika kwenye klempu sauti ikawa nzito, nami nikakata tamaa.

"Subiri mwanangu," akasema. "Hapa kaboni ni nene, lazima palie hivi. Sarafu hapa haitoshi."

Akaniomba ruhusa, akasugua kwa msasa laini wa maji sehemu ndogo tu, kiasi cha ukucha. Vumbi la rangi likatoka, kisha la praima, ile rangi ya chini, na ule mstari ukaisha pamoja na praima. Chini yake msuko wa kaboni ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Rangi ni kavu kuliko kaboni, hainyumbuki nayo, na mimi nilikuwa nakaza klempu kwa nguvu zangu zote ilhali imeandikwa wazi kipimo cha kukaza: niutoni mita 5. Miisho miwili ya ufa uliobaki akaitia alama ya penseli na tarehe, ukivuka alama nirudi.

Yale malengelenge ya rangi kwenye skrubu za chupa ya maji nayo alinieleza: alumini ikigusana na kaboni, chumvi ya bahari ikaingia kati, alumini huoza na kuvimba, rangi ikainuka. Sisi wa pwani tuoshe baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi, tuzikaushe.

Nilikuwa nishaanza kushukuru alipopiga tochi kwenye foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mguu wa kushoto, upande wa ndani, palikuwa na alama fupi kuliko punje ya mchele. Nilishaiona, nikadhani ni kokoto. Akagonga mguu wa kulia: kali. Wa kushoto, kimo kile kile: bu. Akabonyeza kwa kidole gumba, pakabonyea, pakalia kama jani kavu. Msasa ukatoa vumbi jeusi na mstari haukuondoka, nyuzi zikasimama kama za makumbi. Nilikuwa nimeiendesha wiki nzima hivyo.

Nilimwomba aizibe. Alikataa. Alisema foku ndiyo inayobeba uso wangu, na kitambaa alicho nacho ni cha maboti. Kwa kukataa huko peke yake ningemlipa mara mbili, ila alichukua shilingi 1,500 kwa kazi ya saa mbili.

Kasoro zipo. Haandiki ripoti, na pale aliposugua aliniachia pakiwa wazi, vanishi nikatafuta mwenyewe. Hana mashine ya mawimbi ya sauti wanayotumia wakaguzi wa kaboni, kwa hiyo kwenye maungio manene hakuahidi kitu, na aliniambia hivyo kabla hajaanza.

Nimepata foku nyingine ya mtumba, ya alumini. Ni mwezi wa tatu sasa na ufa haujavuka penseli. Ile foku ya zamani niliikata vipande kwa msumeno kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota jaani akamfungia mwanawe.