Kufundisha Kingereza nje: Korea Kusini au Thailand?
Wabongo wengi wenye digrii wanaitolea macho Korea Kusini, mshahara mzuri na nyumba mara nyingi unapewa, ila viza yao ya E-2 ya walimu wa Kingereza ni ya nchi 7 tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, sasa hata kama umesoma Kingereza pale Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani, ukapata GPA ya kutisha, paspoti inakutoa mapema. Na maombi wanataka uweke picha, hapo jiongeze mwenyewe.

Thailand hela ndogo ila mlango upo: digrii, matokeo ya TOEIC au IELTS (mitihani ya kupima Kingereza), cheti cha polisi. Mi ningeenda huko, muhula unaanza Mei, na shule nyingi zinapenda aliyefika tayari kwa hiyo beba hela ya kula.