Oil Red O: rangi inayofichua mafuta ndani ya saratani ya figo

Kwa yeyote anayechunguza saratani ya figo ya seli angavu, rangi ya Oil Red O ni bidhaa ninayoipendekeza kwa moyo wote, mradi aujue udhaifu wake. Seli hizi huonekana tupu chini ya hadubini kwa sababu mafuta na glikojeni (akiba ya sukari ya seli) zilizojaa ndani yake huondolewa na pombe na zailini tishu inapoandaliwa kwa nta; anayetaka kuyaona mafuta yenyewe hana budi kutumia tishu iliyogandishwa au seli zilizooteshwa maabara.

Niliijaribu kwenye seli za 786-O, seli za saratani hii zinazooteshwa maabara, ambazo zimepoteza VHL, jeni inayozuia uvimbe iliyotambuliwa mwaka 1993 kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Matone mekundu yalisongamana kukizunguka kiini cha buluu mithili ya punje za komamanga, ilhali seli zilezile zilizorudishiwa VHL zilibaki na matone machache mno. Protini ya VHL huitia alama HIF, protini inayowasha jeni za kukabili uhaba wa oksijeni, ili ivunjwe. Ikikosekana, HIF hurundikana, hukipunguza kimeng'enya cha CPT1A kinachoziwezesha asidi za mafuta kuingia kwenye mitokondria zikachomwe, na huiongeza PLIN2, protini inayoyafunika matone na kuyahifadhi. Kuyaona hayo kwa macho yangu kulinifunza zaidi ya michoro mingi ya vitabuni.

Kasoro yake kubwa ni chembe za rangi iliyoganda. Rangi hukorogwa kwa isopropanoli, aina ya pombe, kisha huongezwa maji kwa uwiano wa sehemu 3 za rangi kwa 2 za maji, na isipochujwa muda mfupi kabla ya kutumika huganda. Chupa ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na chembe nyingi hata baada ya kuchujwa, nikapoteza slaidi za siku nzima nikidhani kwamba hata seli zenye VHL zimejaa mafuta. Tone halisi ni la mviringo na limo ndani ya seli. Chembe ina kingo kali, na mara nyingi hulala nje.

Rangi hii pia haitenganishi trigliseridi na esta za kolesteroli, aina mbili za mafuta ambazo zote hurundikana katika uvimbe huu, wala haionyeshi kama PBRM1, SETD2 au BAP1, jeni jirani za VHL, nazo zimepotea. Kwa maswali hayo mimi hupima lipidi (mafuta) kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua molekuli kwa uzito wake, na kusoma mfuatano wa DNA.