Kuishi na Vitz: spidi katikati, AC ya kuzungusha, na taa badala ya mshale

Ukiingia mara ya kwanza kwenye Toyota Vitz ya toleo la pili, zile zilizouzwa Japani kuanzia 2005 hadi 2010, macho yanatafuta mshale wa spidi nyuma ya usukani na kuukosa. Uko katikati ya dashibodi. Mahali ulipotarajia kuuona kuna kisanduku chenye mfuniko; humo mimi naweka chenji na risiti za sheli.

Kugeuza jicho pembeni unazoea haraka. Ila ujue spidi inakuwa ya familia nzima. Mwanangu anakaa nyuma katikati, na tukishapita kibao cha 50 kazi yake ni kusoma mshale kwa sauti: "Baba, sitini hiyo! Tochi!", yaani kamera ya trafiki ya kupima spidi. Mama yake hasemi kitu, anaangalia tu mshale, kisha ananiangalia mimi.

AC ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote. Swichi zake ni kubwa, za duara, zimepangwa moja juu ya nyingine, na kila moja unaizungusha bila kuitazama. Nimeendesha gari jipya la shemeji lenye skrini. Kupunguza feni tu lazima uguse mara kadhaa huku bodaboda zinakupita kulia na kushoto. Hapana, asante.

Redio ni habari nyingine. Zile za Kijapani zinaishia FM 90, na stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo. Fundi atakufungia ekspanda, kifaa kidogo cha kushusha masafa, lakini namba utakayoiona kwenye redio haitakuwa ile inayotangazwa hewani. Bora ubadilishe redio yote, upate na Bluetooth.

Sasa, jambo la kuzingatia. Hakuna mshale wa joto la injini. Kuna taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, inazimika baada ya muda mfupi, halafu hakuna taarifa nyingine mpaka iwake nyekundu. Hapo katikati huoni joto linavyopanda. Kwa foleni za Kimara jua la saa nane, nisingependa kungoja nyekundu, kwa hiyo kagua kulenti (maji ya kupozea injini) kila wiki, injini ikiwa imepoa. Na kama yako ni ya silinda tatu, lita 1.0, mnapanda mlima Kitonga mmejaa na mizigo juu, zima AC mapema. Injini itapumua na joto litapungua.

Anayekwenda kununua ya mtumba: fungua swichi bila kuwasha injini, uangalie taa ya injini na ya eabegi. Zote zinapaswa kuwaka kwanza, kisha ya injini izimike ukishawasha gari. Yoyote kati ya hizo isipowaka kabisa, muulize muuzaji kwa nini kabla hamjafika kwenye bei.